Meneja Aliyeshuka Ngazi

Wapo watu mpaka leo wanaosema kwamba Fundi Chaki alishushwa cheo. Husema dukani wakisubiri chenji, na husema hata msibani, mahali ambapo mtu mwenye adabu hufunga mdomo. Hawakuwapo. Wangekuwapo, wangemwona mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri akiteremka ngazi za mbao kwa miguu yake mwenyewe, kiti mkononi, bila mtu kumsukuma. Kwa nini aliteremka ni habari nyingine, na yeye mwenyewe ilimchukua muda kuielewa. Tuseme kweli: hakuielewa yote.

Alikuwa mkataji wa vitambaa katika kiwanda cha kushona sare za shule. Usifikirie mabomba na moshi. Kilikuwa ukumbi mmoja mrefu ulioezekwa bati, wenye safu za vyerehani upande wa kushoto, wapiga pasi na wafungaji upande wa kulia, na katikati yao meza ya kukatia. Meza hiyo ilikuwa ndefu kiasi kwamba aliyesimama ncha hii akitaka kusemezana na wa ncha ile ilibidi apaze sauti. Kitambaa kilitandazwa juu yake tabaka kwa tabaka, mkataji akachora kwa chaki akifuata vipande vya karatasi ngumu, kisha akapitisha mashine ya kukatia, na mashati ya darasa zima yakapatikana kwa mkupuo mmoja. Mkono ukiteleza, yaliharibika yote kwa mkupuo huo huo.

Mkono wake haukuteleza. Chaki ilikaa nyuma ya sikio lake hata siku za mapumziko. Mkewe, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, alikwishachoka kumwambia aitoe wanapokwenda kutembelea watu.

Pembeni mwa meza hiyo palikuwa na pipa la maji ya kunywa lenye bomba, na juu ya pipa dirisha kubwa kuliko yote. Mtu akitaka kutia uzi kwenye sindano alikwenda pale penye mwanga. Akiona kiu alikwenda pale. Akitoka vyerehani kwenda kwenye pasi, alipita pale. Fundi Chaki aliwaona wote wakipita, akawasalimu wote, akawatania wote, na wala hakulifikiria jambo hilo.

Meneja wa zamani alipostaafu, mwenye kiwanda alimwita. Mwenye kiwanda alikuwa mwanamama mfupi mwenye mkoba mkubwa, na wafanyakazi walimwita Tajiri, mbele yake na nyuma yake.

"Fundi, kuanzia Jumatatu wewe ndiye meneja."

"Meneja wa nini, Tajiri?"

"Wa watu."

"Nitawafanya nini?"

Tajiri akacheka hadi mkoba ukamtoka begani, akidhani ametaniwa. Hakuwa ametaniwa.

Ofisi ya meneja ilikuwa juu, mwisho wa ukumbi. Kilikuwa chumba cha vioo kilichoning'inia kama kizimba, na ngazi yake ya mbao ilianzia chini mbele ya macho ya watu wote. Ukikaa mle unaona kila kitu: vichwa, mikono, hata tundu la soksi la mpiga pasi akivua kiatu. Lakini husikii neno. Unasikia mngurumo wa vyerehani tu, na midomo ya watu inachezacheza kama ya samaki.

Meza ya kukatia akapewa mdogo wa kiume wa mkewe, kijana aliyeitwa Taratibu kwa sababu neno hilo halikukauka kinywani mwake. Hapa pia watu wamesema mengi. Hakubebwa. Tajiri mwenyewe alimjaribu mbele ya wafanyakazi wote, akamtandazia kitambaa cha mistari, kile ambacho mistari isipokutana begani mtoto anaonekana amepinda, na kijana akakikata, mistari ikakutana. Aliyemfundisha alikuwa shemeji yake, ndiyo. Lakini kufundisha mtu na kumpa mtu kazi ni vitu viwili.

Siku za kwanza Fundi Chaki alichonga penseli. Alichonga mpaka penseli zikawa fupi. Mikono yake, iliyozoea uzito wa mashine, ililala juu ya meza kama imekuja kutembelea. Jioni mkewe akamuuliza swali alilomuuliza miaka yote.

"Leo umefanya nini?"

Zamani lilikuwa na jibu. Nimekata sketi za shule ya wasichana. Nimekata kaptula. Sasa akatazama mikono yake.

"Nilikaa," akasema. "Kisha nikasimama. Akaja mtu kuomba ruhusa, nikampa. Kisha nikakaa tena."

Mkewe hakucheka. Alikuwa mtu aliyesoma, na alijua kwamba kuna kazi zisizoonekana kwa macho. Lakini mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kukaa nao, alikuwa na namna yake ya kumsema mkwewe: maneno yote aliyapitisha kwa binti yake, hata mkwe akiwa ameketi pale pale.

"Muulize mumeo," akasema, "na hiyo ya kukaa wanalipa?"

"Mama, si yupo hapa? Muulize mwenyewe."

"Namheshimu. Muulize wewe."

Tajiri alipoona meneja wake mpya ana macho ya mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, akampeleka semina. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye tai nyekundu na kalamu za rangi. Akachora visanduku ubaoni, kimoja juu na vingine chini, akaviunganisha kwa mistari. Kisanduku cha juu akakiandika: meneja.

"Kazi za meneja ni nne," akasema. "Kupanga, kugawa majukumu, kuongoza, kukagua."

Fundi Chaki akainua mkono. "Na akishazimaliza?"

"Anaanza upya."

"Na hawa wa visanduku vya chini, wanajuaje kwamba mstari wao unakwenda kwa huyu wa juu?"

"Si umechorwa?"

Watu wakacheka. Mkufunzi akamwonea huruma, akaongeza: "Lakini jueni pia kwamba kila mahali pa kazi kuna utawala wa aina mbili. Kuna huu uliochorwa, na kuna mwingine ambao hakuna aliyeuchora. Huo wa pili ndio utakaowanyima raha."

"Uko wapi huo wa pili?"

"Kila mtu atautafuta kwake," mkufunzi akasema, akatazama saa. "Twendeni chai."

Akarudi kazini na maneno manne kichwani, akayatumia yote. Akapanga. Asubuhi aliwakusanya watu chini, akawaambia leo tunaanza na nini na tunamaliza na nini. "Sawa, bosi," wakaitikia. Zamani walimwita Fundi. Akagawa. Akapanda ngazi, akakaa, akatazama kupitia kioo. Na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka.

Walikwenda kwenye vyerehani kama alivyosema. Kisha, baada ya muda, mmoja akanyanyuka, akaenda kwenye meza ya kukatia, akasema kitu. Taratibu akajibu bila kuinua uso. Mtu akarudi kwenye kiti chake, akageuza kazi aliyokuwa akiifanya. Akaja mwingine, na mwingine baada yake. Midomo ikacheza, vidole vikaonyesha huku na kule. Hakuna aliyeinua macho juu kwenye kioo. Jioni, alichopanga asubuhi na kilichotoka havikufanana. Havikuwa vibaya sana. Vilikuwa vingine tu.

Akafikiri labda sauti yake ni ndogo. Kesho yake akapaza sauti, wakaitikia kwa nguvu zaidi, mambo yakawa yale yale. Akafikiri labda haonekani kama meneja. Akanunua tai, mkewe akamfunga mbele ya kioo, akamfundisha kuifungua. Mama Vifungo, msimamizi wa vifungo na matundu yake, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi, alipoiona akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima: "Jamani, nani kamfunga bosi? Mfungueni, hajakosa kitu."

Jambo moja tu lilimpa moyo. Mara chache mtu alipopanda ngazi kuja kwake, vyerehani vyote vilipunguza kasi, ukumbi ukatulia, mtu akishuka vikanguruma tena. Fundi Chaki aliona hiyo ni heshima. Alimweleza mkewe: "Angalau wakija kuniona, wenzao wananyamaza." Mkewe akafurahi, na kesho yake akalitaja hilo shuleni, mbele ya walimu wenzake.

Lakini wazo la tatu lilikuja lenyewe, na hakulipenda. Labda ni shemeji. Labda huyu kijana mpole, wa taratibu-taratibu, anajenga serikali yake pale chini. Akalifukuza wazo hilo, likarudi na kumganda kama nyuzi zinavyoganda kwenye suruali nyeusi.

Kisha ikaja habari ya mifuko.

Shule moja kubwa iliagiza mashati meupe, na ikaomba mashati ya watoto wadogo yasiwekwe mifuko, kwa kuwa wadogo hutia kalamu zinazovuja. Fundi Chaki akalitangaza asubuhi, waziwazi, akiwa amesimama chini ya ngazi. Mshona mifuko alikuwa amechelewa siku hiyo. Alipofika akakuta watu wako kazini, akapita mezani kunywa maji, akauliza: "Haya ya wadogo niweke mifuko?" Taratibu, ambaye asubuhi ile alikuwa akiijaribu mashine ya kukatia na hakusikia tangazo, akamjibu: "Weka kama kawaida." Na vipande vya mifuko alikuwa ameshavikata, kama kawaida.

Walipogundua, mifuko ilikuwa imeshonwa kwa mstari mara mbili, imara, mizuri. Walipoifumua, matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa cheupe kama alama za kuumwa na wadudu. Ikabidi mashati yale yakatwe upya, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Tajiri akaja na mkoba wake, akasimama katikati ya ukumbi.

"Nani alisema mifuko iwekwe?"

Watu wakainamia vyerehani.

"Nauliza nani!"

"Niliuliza mezani," akasema mshona mifuko.

"Mezani kwa nani?"

"Mezani," akarudia yule mama, akishangaa swali.

Macho yote yakamwendea Taratibu. Kijana akaweka chaki chini. "Mimi niliulizwa, nikajibu. Ningenyamaza?"

Tajiri akapanda ngazi, akafunga mlango wa kioo. "Huyu shemeji yako anaendesha kiwanda kingine ndani ya kiwanda changu," akasema. "Ijumaa nikija nisimkute. Nikimkuta nitajua ni wewe unayemlinda, na mtaondoka wote wawili. Nimekupa watu uwaongoze, Fundi. Kuwatazama kwenye kioo hata mlinzi wangu anaweza."

Jioni ile nyumbani hapakuwa na raha. Mama mkwe alikwishapata habari, kwa maana habari hizi zina miguu.

"Mwambie mumeo," akamwambia binti yake, "mwanangu alishikishwa mkasi na yeye. Hakuuokota njiani."

"Mama, tafadhali."

"Mwambie pia nimezaa watoto, sikuzaa wanasiasa. Huyo mtoto akiulizwa njia na kichaa atamwelekeza. Kujibu ndiyo fitina?"

Fundi Chaki alikuwa kwenye kiti chake, ameshika tama. Mama alipokwenda kulala, mkewe aliacha kusahihisha madaftari, akamgeukia.

"Mdogo wangu ana kosa au hana?"

"Ndicho nisichokijua."

"Basi ukimfukuza kabla hujajua, watasema tulimtupa ili tubaki na cheo. Ukimwacha kabla hujajua, watasema tunakula kindugu. Mimi sitaki yote mawili yasemwe kuhusu nyumba hii. Jua kwanza, mume wangu. Ukishajua, hata ukimfukuza nitakaa na mama yangu nimweleze."

"Nitajuaje? Siku nzima nawatazama."

Mkewe akavuta daftari karibu. Akashika tena kalamu nyekundu, lakini hakusahihisha kitu.

Ijumaa asubuhi Fundi Chaki alipanda ofisini na maneno ameyapanga: Shem, si mimi, ni kazi. Aliyarudia mpaka yakapoteza maana. Akatazama chini ampungie kijana mkono apande. Taratibu hakuwapo, alikuwa ametumwa bohari kupokea majora ya kitambaa. Meza ilikuwa tupu. Tupu isipokuwa mama mmoja, mzee wa kufagia waliyemwita Bi Ufagio, aliyekuwa amesimama pale akikusanya makombo ya vitambaa kwenye gunia. Bi Ufagio hakujua kushona hata kifungo, na sikio lake moja lilikuwa halisikii vizuri.

Msichana wa kola akanyanyuka, akaenda mezani, akasema kitu. Bi Ufagio akasogeza sikio zuri. Akafikiri. Akaonyesha kidole. Msichana akarudi.

Fundi Chaki akasimama.

Akaja mpiga pasi, akasema neno. Bi Ufagio akatikisa kichwa, hapana. Mpiga pasi akarudi, akazima pasi. Kisha akaja Mama Vifungo, Mama Vifungo yule yule, akaegemea meza, akauliza kitu huku akijikingia maji ya kunywa. Bi Ufagio akamjibu kwa neno moja, akaendelea na makombo yake.

Fundi Chaki aliteremka ngazi mbili-mbili.

"Bi Ufagio, wanakuuliza nini?"

"Eh?"

"Wanakuuliza nini hawa?"

"Aa. Yule wa kola ameuliza aanze za wakubwa au za wadogo. Nikamwambia za wadogo. Wadogo wasingojeshwe."

"Na yeye?"

"Ameanza, huyo hapo." Kweli, alikuwa ameanza.

"Wa pasi?"

"Ameuliza kama joto liendelee. Nikasema hapana, leo kuna baridi."

Joto aliloliulizia lilikuwa la pasi. Fundi Chaki akampigia mpiga pasi kelele aiwashe tena, halafu akageuka. "Sasa kwa nini wanakuuliza wewe?"

"Sijui, baba. Mimi nafagia."

Akasimama pale, kichwa kitupu. Ikiwa Taratibu anajenga serikali, basi na Bi Ufagio naye ni waziri? Akamwomba mzee apumzike kidogo kwenye benchi. Akabaki yeye, mikono nyuma, bila chaki, bila mkasi, amesimama tu kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Haukupita muda, mwanamke wa pindo akaja na shati mkononi.

"Fundi, hili pindo si jembamba?"

Fundi. Hakusema bosi. Tangu apande juu hakuna mfanyakazi aliyemwita hivyo.

"Kwa nini unaniuliza mimi?" akauliza, na mwanamke wa watu akarudi nyuma hatua, akidhani amekosea.

"Si upo hapa?"

"Na jana, nilipokuwa juu, mbona hukuja?"

Mwanamke akatazama ngazi. Akatazama wenzake. Aliyejibu ni Mama Vifungo, kikombe bado mkononi.

"Apande ile ngazi ili iwe nini? Aliyepanda kule amekwenda kuwasema wenzake. Unadhani kwa nini mashine zinanyamaza mtu akipanda?"

"Mnaniheshimu," akasema Fundi Chaki.

"Tunakuheshimu sana," akasema Mama Vifungo. "Lakini tunanyamaza tusikie nani anasemwa. Wewe mwenyewe ulipokuwa hapa chini na chaki yako, ulipanda lini?"

Akajaribu kukumbuka. Hakupanda hata mara moja. Hata siku aliyoitwa kupewa umeneja, Tajiri alimwita nje, chini ya ukuta wa lango.

Taratibu aliporudi na majora alimkuta shemeji yake ameketi ukingoni mwa meza, tai mfukoni.

"Shem," kijana akasema polepole, "nimesikia leo ndiyo siku yangu. Kama ni hivyo niambie sasa nikakunje aproni. Taratibu tu, sina kinyongo."

"Hao waliokuja kukuuliza, wewe uliwaita?"

"Niwaite vipi, shem? Wananichosha. Wananiuliza mpaka mambo ya ndoa zao. Nikikata kola wananiuliza habari za mikono. Nikisema sijui wanasema naringa. Nilitaka kukwambia, ila..." Akatazama ngazi.

"Ila hukutaka kupanda."

"Ningepanda mimi, shemeji yako? Wangesema nini?"

Tajiri akafika saa yake ya kawaida. Akamkuta Taratibu mezani, mkasi mkononi. Uso ukambadilika, na Fundi Chaki akamwahi.

"Haondoki, Tajiri. Mimi ndiye nitakayetoka ofisini."

"Unaacha kazi?"

"Naacha chumba. Nitakaa hapa mezani, ncha ya mwisho, karibu na maji."

"Umekuja kukata tena?"

"Hapana. Kukata kuna mtu."

"Utafanya nini sasa?"

Ndilo swali lile lile. Fundi Chaki alifungua mdomo, yale maneno manne ya semina yakamjia yote kwa pamoja, yakakwama mlangoni. "Nitakuwapo," akasema mwishowe. "Wakiuliza, wataniuliza mimi. Habari ya mifuko haikutoka kwa kijana. Ilitoka kwa mimi kuwa mahali ambapo haulizwi mtu."

Tajiri alimtazama kama anayetazama noti asiyokuwa na hakika nayo. "Nimekujengea ofisi ya vioo, wewe unataka kukaa penye makombo. Watu watasema nimekushusha."

"Watasema."

"Na meneja asiye na ofisi ni kitu gani?"

"Sijui, Tajiri."

Akatafuna mdomo. "Sare zisipofika kabla shule hazijafunguliwa, mnatoka wote wawili. Neno langu liko pale pale."

Meza ya ofisini haikupita mlangoni. Seremala aliyeiunda aliiundia mle mle ndani. Kwa hiyo Fundi Chaki akachukua kiti tu. Akateremka nacho mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza vyerehani vilinyamaza wakati mtu anashuka. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Waliokuwa wakipita dirishani waliona meneja anatolewa na kiti chake, wakakimbia kueneza.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Aliulizwa maswali asiyoyajua, maana matundu ya vifungo hayakuwa fani yake. Akajifunza kusema: "Hilo mwulize Mama Vifungo, kisha urudi uniambie alivyosema." Wakienda wakirudi, wakati mwingine walirudi na majibu mawili yanayopigana, naye akakuna kichwa, akachagua moja. Alichagua vibaya zaidi ya mara moja. Lakini aliposema mashati ya wadogo yasiwe na mifuko, hayakuwa na mifuko. Sare zikafika shuleni kengele ya kufungua muhula ikikaribia kulia, baadhi zikiwa bado na uvuguvugu wa pasi. Taratibu akabaki na mkasi wake.

Jioni hiyo mama mkwe alingoja mpaka sahani zilipoondolewa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akamgeukia mkwewe, uso kwa uso.

"Baba," akasema, "ahsante kwa mwanangu. Sasa niambie na mimi nielewe. Wewe kazi yako hasa ni ipi?"

"Naulizwa, mama."

"Halafu?"

"Halafu namtuma aliyeuliza kwa anayejua."

"Na kama hakuna anayejua?"

"Hapo ndipo nafanya kazi."

Mama akalitafakari. "Na hiyo wanalipa?"

"Wanalipa, mama."

"Dunia imekuwa pana," akasema, akaomba chai. Mkewe aliinamia madaftari yake ili asionekane anacheka.

Ofisi ya vioo ilikaa tupu mpaka Mama Vifungo alipoiomba awekee vifungo vyake, kwa kuwa chini vilikuwa vikimwagika kila siku na kupotelea chini ya mashine. Akapewa. Basi ikawa anayetaka vifungo anapanda, na kila mtu alitaka vifungo. Walipanda wakipiga soga, wakashuka wakipiga soga, makopo yakilia mikononi.

Asubuhi moja Fundi Chaki, akiwa kwenye kiti chake karibu na pipa, aligundua kwamba ni muda sasa hajaulizwa kitu. Akainua macho. Kule juu nyuma ya kioo, msichana wa kola alikuwa amesimama mbele ya Mama Vifungo. Midomo yao ilicheza. Mama Vifungo akafikiri, akaonyesha kidole, msichana akaitikia kwa kichwa. Nyuma yake alikuwa anasubiri mpiga pasi, na nyuma ya mpiga pasi, mwanamke wa pindo.

Fundi Chaki alitazama meza, akatazama pipa la maji, akatazama ngazi. Akawaza kwamba labda miezi ile yote alihitaji kopo moja tu la vifungo mezani kwake kule juu, na hangelazimika kubeba kiti. Akawaza pia kwamba labda sivyo. Alikuna kichwa, chaki, iliyokuwa imerudi nyuma ya sikio lake, ikamtoka, Taratibu akaidaka.

"Unakwenda wapi, shem?"

"Juu. Nikamuulize wanamuuliza nini."

Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, kisha ya pili. Vyerehani vikaendelea kunguruma, na hakuna aliyegeuza kichwa.